Kengele ya Mutachoka

Colette alikuwa ameshafunga viatu, ameshajifunga kitambaa kichwani, na mbwa ameshajua kuna safari, pale Ruphin alipogonga mlango na kuingia bila kungoja karibu. Jumamosi asubuhi, mtu mzima anakuja mbiombio na koti la ulinzi bado mwilini, hajalala, hajala kitu. Huyo hakufuata chai. Colette alimtazama mara moja tu akajua kuna watu wameshapeleka maneno.

“Hauendi,” Ruphin alisema.

“Bonjour, yaya. Umeamkaje?”

Yaya ndiyo ndugu mkubwa, kwao Maniema, Kongo, na hata ukiwa umemkasirikia unamwita hivyo hivyo.

“Sijaamka, sababu sijalala. Nimetoka kazini Mobeni moja kwa moja. Hauendi, Colette. Watamuua ile mbwa.”

Aliketi kitandani, maana chumba hicho cha uani hakikuwa na kiti cha pili. Mbwa akaja kumwekea kichwa gotini. Alikuwa na haki hiyo, kwa sababu Ruphin ndiye aliyemwokota chini ya kontena, kwenye bohari analolinda, siku bosi alipoamuru uchafu wote uondolewe na mtoto wa mbwa akahesabiwa uchafu. Alimleta kwa dada yake ndani ya koti hilohilo. Majirani wa uani walisema mengi: huyo atakufa, mwenye nyumba atamtupa, mama wa watu utamchoka. Colette akampa jina palepale, tena kwa sauti ya kusikika hadi bombani: Mutachoka. Ninyi ndio mtakaochoka. Kwao ndivyo mbwa anavyopewa jina, la kuwajibu walimwengu, ili kila ukimwita wenye masikio wapate sehemu yao.

Sasa jambo lenyewe lililomleta Ruphin lilikuwa hivi.

Colette anasuka nywele mjini Durban, saluni ya ghorofani karibu na soko, na anasimama kutwa mpaka miguu inajaa kama mikate. Nesi alimwambia, mama, hii sukari haitashuka kwa maombi peke yake, tembea. Akatembea. Lakini kutembea mtaani siku hizi, na lafudhi yako ya Kikongo mdomoni, ni kutembea umekaza mabega, kwa sababu hujui nani atakuuliza kwenye robot, zile taa za barabarani, unarudi kwenu lini. Alichoka. Ndipo mteja mmoja akamwambia kuna msitu kule Bluff, juu ya bahari kabisa, una njia ya watu kutembea, geti moja chini na jingine juu, unaingia bure, na mbwa anaruhusiwa akiwa na kamba. Siku ya kwanza Colette alipoingia chini ya ile miti alisimama akalia, na wala haoni aibu kusema. Tangu aondoke kwao Pangi hakuwa amenusa tena majani yanayooza kwenye unyevu. Kifua chake kilifunguka.

Kwao mbwa haingii msituni bila kengele. Kengele ya mbao, tumbo wazi, ulimi wa mbao ndani, inafungwa shingoni. Mwindaji anasikia mbwa yuko wapi. Mnyama naye anasikia, anatimka, anakwenda kuangukia wavuni. Colette hana wavu na hana haja na nyama ya msitu wa watu. Alitaka tumbili na paa wasikie mapema kwamba kuna mbwa anapita, wajiondokee salama. Na tuseme ukweli, alitaka pia kuisikia ile sauti. Akaenda kwa Doudou, fundi anayetengeneza meza kwa mbao za paleti, akamweleza na kumweleza, akamkosoa, akamkasirisha, mpaka kengele ikatoka na kulia kama inavyotakiwa.

Wiki iliyopita ndipo alipokutana na Mzee Gilbert. Huyo ni mstaafu wa ofisi za meli bandarini, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kutunza msitu, kofia kubwa, kaptula, fimbo. Alimsalimu vizuri tu, akamsifu mbwa, kisha akauliza, hiyo kengele ni ya nini?

Hapo ndipo Colette alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa Durban asingelifanya hata kwa kushikiwa bakora. Kwao, mtu mzima akikuuliza kitu cha ukoo wenu unasimama wima, unataja jina lako, unamtaja baba yako na kazi yake. Ndiyo adabu. Na mtoto wa mwindaji hana sababu ya kuficha, maana mwindaji ndiye anayelisha kijiji. Basi Colette akasimama wima, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza chake cha saluni: “Mimi Colette, mtoto wa Kikuni, mwindaji. Kengele hii ni ya kuwindia.”

Tabasamu la Mzee Gilbert liliondoka usoni. Mwezi huohuo kamati ilikuwa imekuta mitego ya waya msituni, na paa mmoja amekufa ndani yake, ameoza. Na huyu hapa mwanamke mgeni na mbwa wake, anakiri mwenyewe, tena anacheka! Mzee akamwambia, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto: nikimwona mbwa huyu tena humu, naita wakaguzi wa wanyama. Mbwa wa kuwindia akikamatwa msituni harudishwi. Anapigwa sindano.

Colette alirudi nyumbani akitetemeka kwa hasira. Alimhadithia mwenzake wa saluni, Marie-Jeanne, na ukishamhadithia Marie-Jeanne umeshatangaza redioni. Jumapili habari ilikuwa kanisani, katikati ya wiki ikafika Mobeni.

“Sasa kwa nini unarudi?” Ruphin aliuliza. “Misitu imekwisha Durban hii?”

“Msitu ule ni wa kila mtu. Imeandikwa getini.”

“Imeandikwa! Colette, hapa tuko wageni. Mgeni anainamisha kichwa.”

“Kuinama ni kazi yangu, yaya. Jumatatu mpaka Ijumaa nainamia vichwa vya watu. Jumamosi napumzika.”

Ruphin alishika uso kwa mikono miwili. Alimjua dada yake. Akikaa kimya kuna nafuu, akianza kujibu kwa mzaha ndiyo ameshaamua. Mwishowe alisimama, akafunga vifungo vya koti.

“Basi twende wote,” alisema. “Lakini mimi ndiye nitakayeongea.”

“Sharp,” alisema Colette, yaani sawa, na hakumaanisha hata kidogo.

Ilikuwa mwezi wa tano. Lile joto la Durban la kukuvua nguo lilikuwa limekwisha, na baridi bado haijapata nguvu. Miti ya pwani haipukutishi majani yote kwa mkupuo. Mmoja unageuka njano hapa, mwingine unadondosha mbegu kule, na migomba mwitu inabaki kijani vilevile, majani yamechanwachanwa na upepo. Waliingia kwa geti la chini, karibu na bahari. Njia ilikuwa kavu, mchanga uliochanganyika na majani, na mbele yao Mutachoka akishika njia katikati, mkia umekunjika juu ya mgongo, kengele ikigonga kok-kok-kok. Tumbili walisikia kabla hawajaonekana, wakahamia juu huku wanatukana. Paa mdogo akavuka mbali kabisa, bila haraka. Colette alicheka kwa raha.

“Umeona? Amesikia, amekwenda zake. Kuna ubaya gani?”

Ruphin hakuona chochote. Alikuwa anaangalia nyuma.

Walipanda. Mahali miti ilipoachana waliona bahari, buluu kali ya majira hayo, na meli zimepanga foleni nje zikingoja kuingia bandarini. Ruphin alikuwa anahema. Ulinzi wa bohari ni kazi ya kukaa, na koti lile lilikuwa zito, lakini hakulivua. Lina nembo kifuani, na Ruphin anaamini nembo inasaidia.

“Nisikilize,” alisema. “Tukikutana na yule mzee, unamwambia Kiingereza chako kilikosea. Kengele ni mapambo. Ulinunua kwa wale mama wanaouza shanga kule beach. Neno moja tu, Colette. Mapambo. Na mbwa iko yako mpaka atazeeka.”

“Na Papa?”

“Papa amefanya nini?”

“Nitakuwa nimesema hakuwa mwindaji.”

“Papa amekufa, Colette!”

“Ndiyo sababu. Hawezi kujisemea.”

Ruphin alipiga ulimi. Colette akasimama katikati ya njia, akamgeukia, na sasa mzaha ulikuwa umemtoka.

“Wewe na mimi tuko hai kwa sababu gani? Tulipokimbia vita, tulikula nini porini? Si nyama yake? Si ile mbwa yake ya mwisho na kengele yake? Alitulisha mpaka ile siku alienda kuangalia nyavu na hakurudi. Hatuna kaburi, yaya. Hatuna picha. Kile alikuwa, ndicho peke yake nabaki nacho. Unataka niseme ni pambo nilinunua kwa mama wa shanga?”

Ruphin alitazama bahari, zile meli, kama vile kuna mojawapo anayoifahamu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Nilikula zaidi yako. Nilikuwa mkubwa,” na wakaendelea kupanda.

Waliwasikia kabla ya kuwaona. Kundi la watembeaji wa Jumamosi, watu kama kumi, chupa za maji, viatu vya bei, na mbele yao kofia ya Mzee Gilbert. Yeye naye alikuwa ameshasikia kengele. Alisimama amekunja mikono.

Ruphin alitangulia. “Morning, boss,” alisema. “Dada yangu, English yake si nzuri. Hiyo kengele—”

“Kiingereza chake nilikielewa,” alisema Mzee Gilbert. Hakuwa anafoka, na hilo ndilo lililomkera Colette kuliko yote. Alikuwa na upole wa mtu anayejua nani atashinda. Akatoa simu. Akapiga, akaeleza: mbwa wa kuwindia, mwenyewe amekiri mbele yangu, ndiyo, bado yupo, leteni gari geti la juu. Kisha akamwambia Colette wasiondoke.

“Sina haraka,” Colette alijibu.

Ruphin alimvuta mkono, akamnong'oneza kwa Kiswahili kwamba nyuma yao kuna kijia kinashuka hadi kwenye miamba, wapite huko, wachukue teksi barabarani, nani atawafuata, wazee hawa? Na miguu ya Colette, nakwambia, ilitaka. Miguu yake inajua kukimbia, imekimbia sana katika maisha yake. Aliogopa. Mutachoka alikuwa ameketi juu ya kiatu chake, anajikuna chini ya kengele, hana habari kwamba yeye ndiye anayejadiliwa.

“Nikikimbia leo,” alimwambia kaka yake, “watasema walisema kweli. Na Jumamosi nyingine nitakimbilia wapi?”

Akapunga kamba kidogo, mbwa akasimama, na Colette akapita katikati ya watembeaji kuelekea geti la juu. Walimpisha. Ruphin akafuata, anasema “sorry, sorry” kwa kila aliyempita. Nyuma yao wote likafuata kundi zima na Mzee Gilbert, kama vile wanamsindikiza bibi harusi.

Pikapu nyeupe ilikuwa imeshafika getini, na vizimba viwili vya chuma nyuma. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa Kizulu wa makamo, mwili umejaa, sare imembana, amechoka tangu asubuhi. Aliitwa Nokwazi, jina lilikuwa kifuani. Hakumsalimia Mzee Gilbert kwanza. Alimsalimia Colette, “Sawubona, mama,” na Colette akaitikia “Yebo, sisi,” yaani ndiyo, dada, kwa Kizulu chake cha sokoni.

Nokwazi alipiga magoti akamkagua mbwa. Akafungua kinywa, akaangalia kucha, akapapasa tumbo na shingo. Akauliza chanjo, Colette akamwonyesha kadi. Akaangalia kamba, akaivuta kuona kama ni imara.

“Mbwa ni msafi,” alisema. “Hana damu, hana jeraha. Kamba ipo.”

“Uliza kengele,” alisema Mzee Gilbert.

Nokwazi akainuka, magoti yakilia. “Mama, huyu baba anasema ulimwambia ni ya kuwindia.”

“Nilimwambia.”

“Unawinda humu?”

“Siwindi. Sisi, nikuulize mimi. Yule anayetega waya humu, anakuja kimya au anakuja na ngoma? Mwizi gani anajifunga kengele?”

Watembeaji wawili walicheka. Mmoja alijifanya anakohoa. Hata Nokwazi aliuma mdomo, akageukia upande wa pikapu ili asionekane. Mzee Gilbert aliiva uso mzima, akasema hilo si jambo la kucheka, paa amekufa, na mama huyu amekiri mbele yake, na kama mkaguzi hawezi kazi yake ataita mkubwa wake. Nokwazi akapumua kwa nguvu.

“Eish. Mama, sikiliza. Mimi nimeitwa. Ofisini wameshaandika kwamba mwenye mbwa anakubali ni mbwa wa kuwindia, na kengele ni ya kazi hiyo. Nikiondoka bila mbwa lazima niwe na neno la kuwapa. Nipe hilo neno. Niambie kengele ni mapambo tu, kama watu wanavyofunga utepe. Nitawaambia hivyo, nitapanda gari langu, wewe utapanda teksi, tumemaliza.”

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana, na mtu mwenye huruma ameushikilia. Nyuma ya sikio Colette alimsikia Ruphin: “Sema, mdogo wangu. Sema pambo. Nakuomba kwa Mungu.”

Alitaka kulisema. Asije mtu akakwambia kwamba hakutaka. Alimtazama Mutachoka, lile sikio moja linalokaa chini na jingine juu, na neno likapanda mpaka kwenye meno. Ni neno dogo. Nani angemlaumu? Kanisani wangempongeza. Na wiki ijayo angekuja msituni na mbwa wake mwenye pambo, na Mzee Gilbert angemwinamishia kofia, na kila kok-kok-kok ingemwambia alichokifanya.

“Kengele ni ya kuwindia,” alisema. “Baba yangu alikuwa mwindaji. Mimi siwindi. Hayo yote matatu ni kweli, na sipunguzi hata moja.”

Nokwazi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa, akachukua kamba mkononi mwake.

“Basi lazima nimchukue, mama.”

Alifungua kizimba. Na Mutachoka, mjinga yule, anayependa magari kuliko chakula, aliruka mwenyewe ndani, akageuka, akaketi, akangoja gari liondoke. Ruphin alikuwa amefumba macho.

Nokwazi hakuwahi kufunga mlango. Colette aliweka goti moja juu ya ubao wa nyuma wa pikapu, akakusanya kitenge chake kwa mkono mmoja, akashika chuma kwa mwingine, akajivuta juu. Kitenge kilinasa, akakinasua. Aliingia kwenye kizimba kichwa mbele, kilo zake zote, sukari yake yote, akajigeuza kwa taabu, akaketi kwenye mabati huku amekunja miguu, na mbwa akamlamba shavu zima kwa furaha ya kupata mwenzake wa safari.

“Mama!” Nokwazi alipaza sauti. “Unafanya nini?”

“Nakwenda naye.”

“Hicho ni kizimba cha mbwa!” alisema Mzee Gilbert.

“Nimeona.” Colette alitulia kidogo kupata pumzi. “Wewe ulisikia neno mwindaji. Nani alisema? Mimi. Mbwa hakusema chochote. Haya, mpige sindano aliyesema.”

Simu zilikuwa zimeshatoka mifukoni. Mwanamke mmoja wa lile kundi, mwenye mvi na fimbo mbili, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hili ni jambo la aibu, na ilikuwa dhahiri hamaanishi Colette. Mzee Gilbert alimwambia Nokwazi amtoe. Nokwazi akamuuliza kwa nini asimtoe yeye, kwani ana mikono. Mzee akapiga hatua moja, akamwona Colette alivyomkazia macho kutoka kule ndani, akasimama palepale.

“Mama, tafadhali,” Nokwazi alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Nikipita Mobeni na mwanamke kwenye kizimba, mpaka jioni nchi nzima imeniona. Nitapoteza kazi. Shuka tuongee.”

“Pole, sisi. Wewe sina ugomvi nawe. Endesha tu.”

Nokwazi akageuka akamtafuta Ruphin. Akaliona koti, akaiona nembo, na ungeona alivyopata matumaini.

“Baba, wewe ni kaka yake?”

“Ndiyo, madam.”

“Wewe ni mtu wa kazi, mtu mwenye busara, naona. Mwambie. Mtoe humo, na yaishe kwa mbwa peke yake. Sitaandika jina la mtu. Hakuna polisi, hakuna makaratasi, hakuna kuuliza mtu anatoka wapi.”

Watu wote wakamtazama Ruphin.

Huyu ni mtu ambaye tangu afike Durban hajawahi kuchelewa foleni ya vibali hata siku moja. Akiona sare hutoa mikono mifukoni. Bosi akimwita kwa jina ambalo si lake, huitika. Colette alimjua, alimpenda hivyohivyo, na alipomwona anavua kofia na kuja pole pole kuelekea pikapu, alishika nyavu za kizimba kwa vidole vyote. Alijua kaka yake akimvuta atashuka. Hangeweza kupigana na Ruphin mbele ya watu hawa. Hasira zake zote hazikufika huko.

Ruphin alisimama mbele ya kizimba. Alikuwa na jasho. Alimtazama dada yake, akamtazama mbwa, akaitazama ile kengele ya mbao za paleti, na midomo yake ikacheza kama mtu anayehesabu kitu. Kisha akavua lile koti lake la ulinzi. Akalikunja vizuri, nembo juu, akaliweka chini kwenye majani. Akapandisha suruali magotini.

“Sogea,” alimwambia Colette.

“Yaya?”

“Sogea kidogo, nimekwambia. Na ile mbwa ishike, isinipige na mkia.”

Akapanda. Suruali ilichanika mahali pabaya, tungeisikia sote kama tungekuwepo. Alijipenyeza, akaketi amebanwa bega kwa bega na dada yake, magoti kidevuni, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe, na Mutachoka akajilaza juu yao wote wawili. Gari lilishuka kwa nyuma.

Nokwazi alisimama ameshika mlango wa kizimba. Aliwatazama. Akatazama simu zilizoinuliwa. Akamgeukia Mzee Gilbert, na alipoongea alikuwa amechoka kwelikweli.

“Baba, mimi niliitwa kuchukua mbwa mmoja. Sina gari la kubeba ukoo.”

“Lakini alikiri! Kanuni—”

“Kanuni ya msitu wako inasema kamba. Kamba nimeiona. Inasema chanjo, chanjo nimeiona. Inasema mbwa asivae kengele? Nionyeshe.”

Nokwazi akagonga chuma kwa kiganja mara mbili.

“Shukeni.”

Colette hakutikisika. “Nani?”

“Wote watatu.”

Aliruka mbwa kwanza. Ruphin alishuka akishikilia suruali kwa nyuma, akaliokota koti lake, akalifunga kiunoni kufunika aibu. Colette alikuja mwisho, kwa magoti, na alipokanyaga chini ikabidi ashike pikapu. Alikuwa bado anaogopa, na alikuwa na furaha ambayo hajaipata tangu avuke mpaka. Alimshukuru Nokwazi kwa mikono miwili. Nokwazi akamwambia, nenda nyumbani, mama, kabla sijageuza neno.

Na nyumbani ni wapi? Stendi ya teksi ilikuwa geti la chini, upande wa bahari. Kulikuwa na barabara ya lami ya kuzunguka nje ya uzio, na Ruphin alishageuka kuielekea, amezoea. Colette alimshika mkono wa shati.

“Tumeingia kwa kupitia msitu,” alisema. “Tutatoka kwa kupitia msitu.”

Mzee Gilbert alikuwa amesimama katikati ya geti na fimbo yake. Colette alikwenda mpaka mbele yake na mbwa wake, na kaka yake nyuma, akasimama akangoja apishe. Hakuinamisha kichwa. Ilichukua muda, watu wote wakitazama, lakini mzee alipisha.